Kompyuta ya steshenari nayo ihesabiwe kuwa ya chuo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kompyuta moja ambayo vyuo vyetu havijawahi kuihesabu. Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa tunasikia habari za maabara mpya, mkongo uliofika hosteli na kompyuta zilizokabidhiwa mbele ya kamera. Lakini kazi za mwanachuo, tangu fomu ya kuomba mkopo hadi tasnifu iliyojalidiwa, hupita kwenye kompyuta ya steshenari nje ya geti, ile yenye kibodi iliyofutika herufi na foleni inayofika barazani siku ya mwisho ya kukusanya kazi. Hapo ndipo mafaili yanapopotelea, ndipo akaunti zinapobaki wazi, na ndipo flashi zinapookota virusi na kuvirudisha maabara. Chuo kinacholinda maabara na kuisahau steshenari kimefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani.

Nianze na flashi, kwa kuwa ndiyo malalamiko ya kila wiki katika dawati lolote la TEHAMA. Mwanafunzi anachomeka flashi, anakuta folda zake zote zina kamshale kadogo kwenye kona ya ikoni. Anabofya, folda inafunguka kama kawaida, anachapa kazi yake na kuondoka. Alichobofya hakikuwa folda. Kirusi cha aina hii hufanya mambo mawili. Kwanza huzipa folda halisi alama ya kufichwa na alama ya kuwa mali ya mfumo, ili Windows isizionyeshe. Kisha hutengeneza njia ya mkato yenye jina lilelile, ambayo ikibofywa huendesha kwanza programu ya kirusi, halafu ndipo huifungua folda yako. Tangu Windows 7, programu iliyomo kwenye flashi haijiendeshi yenyewe flashi inapochomekwa, kwa hiyo kirusi kinahitaji kidole cha mtu. Ndiyo maana kinajivika sura ya folda, tena folda yenye jina unalolijua.

Ushauri unaotolewa dukani huwa ni mmoja: fomati. Usifomati kwanza, kazi zako bado zimo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Andika amri hii, ukiziheshimu nafasi zilizomo:

attrib -s -h -r /s /d E:\*.*

Flashi yenye mafaili mengi inaweza kuchukua dakika kadhaa, na muda wote huo dirisha jeusi halionyeshi chochote. Wengi hudhani limekwama wakalifunga. Liache mpaka mstari wa amri urudi. Ukifungua flashi tena utaona folda halisi kando ya zile za bandia. Usipoziona, tafuta folda isiyo na jina, kwa sababu virusi vingine huhamishia kila kitu humo. Nakili nyaraka peke yake, yaani docx, pdf, xlsx, pptx na picha, uziweke kwenye mashine unayoiamini. Usibebe folda nzima nzima, maana ndani yake hujificha mafaili yenye miisho ya vbs, js, lnk au exe, na miisho hiyo huioni mpaka uruhusu File Explorer kuonyesha majina ya mafaili na miisho yake. Hapo sasa fomati.

Kinachowarudisha watu dawatini wiki inayofuata ni kusafisha flashi huku kompyuta yenyewe ikiwa ingali na ugonjwa. Ukiichomeka tu, folda zinageuka upya. Kompyuta isafishwe kwa Microsoft Defender, na uchaguliwe ule uchunguzi wa Offline, ambao huizima mashine na kuichunguza kabla Windows haijaamka, ili kirusi kisipate nafasi ya kujificha. Ni kazi ya kama dakika 15. Inafaa zaidi kuliko kurundika programu tatu za kuzuia virusi kwenye mashine moja, mbili zikiwa zimeisha muda wa majaribio.

Dawa rahisi kuliko zote ni kuwa na flashi ya kuchapia. Tafuta ndogo, hata ya GB 4, isiyo na kitu kingine, na kila unapokwenda dukani weka humo PDF ya siku hiyo tu. Ukirudi, ifomati kabla hujafungua chochote. Flashi yenye tasnifu, picha za harusi ya dada na vyeti isiguse kompyuta ya mtu mwingine.

Na ukinunua flashi, usiamini maandishi ya juu yake. Zipo zinazouzwa kwa jina la GB 64, au hata TB 2, ilhali ndani yake mna GB 8. Kidhibiti chake, yaani chipu inayoiongoza flashi, kimefundishwa kudanganya, hivyo Windows inaona ukubwa ulioandikwa na inakubali kupokea mafaili. Zile GB 8 zikijaa, kinachoandikwa baadaye kinafuta cha mwanzo au kinapotelea hewani. Majina ya mafaili utayaona, ila hayafunguki. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote kisha husoma ilichoandika na kukuambia ukubwa wa kweli. Kwa flashi ya GB 64 inayoandika MB 8 kwa sekunde, kuijaza tu ni zaidi ya saa mbili, basi ianze jioni. Fanya hivyo siku ileile uliyonunua, risiti ingali mfukoni. Flashi ya TB 2 kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku haihitaji kupimwa.

Jambo la pili ni uchapaji. Mwanafunzi anapeleka dukani faili la Word, mhudumu analifungua, kurasa zimehama: kichwa cha sura ya tatu kimekaa chini ya ukurasa wa sura ya pili, jedwali limekatika. Mhudumu anatupiwa lawama bure. Mara nyingi kosa lilikuwamo tangu mwanzo, katika ukubwa wa karatasi. Word nyingi, hasa zilizosimikwa kwa mipangilio ya Marekani, huanza na karatasi ya Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Karatasi inayouzwa kwetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Umeandika miezi sita kwenye Letter bila kujua. Mhudumu akibadilisha kuwa A4 ili printa ikubali, ukurasa unarefuka kwa karibu milimita 18 na kupungua upana, mistari inasogea, na namba za kurasa kwenye yaliyomo zinakuwa za uongo. Asipobadilisha, printa yenyewe inayabana maandishi ili yaingie, na pembezo zako hazilingani tena na mwongozo wa idara. Weka A4 siku ya kwanza, kabla ya kuandika neno.

Fonti ndiyo sababu nyingine. Kama duka halina fonti uliyotumia, Word inaweka nyingine bila kukuuliza. Kwa hiyo usipeleke docx, peleka PDF. Kabla ya kuitengeneza, bonyeza Ctrl na A kuchagua kila kitu, kisha F9, ukubali jedwali lote la yaliyomo lisasishwe. Halafu F12, chagua PDF, hifadhi, na uifungue kwenye simu upitie ukurasa kwa ukurasa ukiwa kitandani. Kosa la ukurasa wa 41 ni bure kulirekebisha hosteli. Dukani ni hela, tena mbele ya foleni. Ukifika, mwombe mhudumu achague ukubwa halisi, asichague kubana ukurasa uingie.

Watu hupoteza hela nyingine kwenye kuchapa upya kurasa chache. Tasnifu ina kurasa za mwanzo kwa namba za Kirumi, kisha inaanza 1, 2, 3. Ukiwa na kurasa 12 za Kirumi na ukaagiza kuchapa ukurasa wa 5 wa PDF, programu nyingi zinahesabu karatasi tangu jalada, na utapata ukurasa wa v. Ongeza hizo 12: ukurasa wa 5 wa sura ya kwanza unaagizwa kama 17. Kwenye Word kuna njia nadhifu zaidi, ya kuandika ukurasa na sehemu yake. Kama mwili wa kazi ni sehemu ya pili ya waraka, p5s2 ni ukurasa wa 5 wa sehemu hiyo, na p5s2-p9s2 ni kuanzia wa 5 hadi wa 9.

Na tafadhali, wanafunzi, msihariri kazi moja kwa moja ndani ya flashi mkiwa dukani. Faili lililofunguliwa kutoka kwenye flashi linapoandikwa, Word huweka na kubadilisha mafaili ya muda humohumo. Flashi ikichomolewa katikati, mnabaki na docx isiyofunguka. Nakilini kwenye kompyuta, rekebisheni, rudisheni kwenye flashi kwa jina jipya lenye tarehe, iondoeni kwa utaratibu, kisha mfute ile nakala ya dukani kwa Shift na Delete.

Kufuta huko kunanileta kwenye jambo zito kuliko yote. Kaa kwenye kiti cha mteja katika steshenari yoyote yenye wateja wengi, fungua folda ya vilivyopakuliwa: vitambulisho vya NIDA pande zote mbili, vyeti vya kidato cha nne, vyeti vya kuzaliwa, barua za serikali ya mtaa, picha za pasipoti, na namba ya akaunti ya benki ya mtu fulani. Anayekuja baada yako anaviona vyote, na akiwa na flashi anaondoka navyo. Kwa karatasi hizo mtu anaweza kumwigiza mwingine kwa urahisi, na siku bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, linapotoka matapeli hawalali. Ukiletewa ujumbe wa kitapeli, upeleke kwa namba 15040. Na ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

WhatsApp ndiyo mlango mkubwa zaidi. Mwanafunzi anaskani msimbo kwenye kompyuta ya duka, anapakua kazi yake, anafunga kivinjari, anaondoka. Kufunga kivinjari si kutoka kwenye akaunti. Kifaa kilichounganishwa kinaendelea kupokea ujumbe hata simu yako ikiwa imezimwa. Kinaondolewa chenyewe simu isipotumika kwa zaidi ya siku 14. Kabla hujainuka kitini fungua WhatsApp kwenye simu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, gusa jina la kivinjari hicho, uondoe. Waliosahau mwaka jana wafanye sasa hivi, ni sekunde 20. Afadhali zaidi usiunganishe kabisa. Tuma PDF kwenye namba ya duka.

Kwa barua pepe, fungua dirisha la faragha (kwenye Chrome au Edge ni Ctrl, Shift na N), ambalo husahau akaunti yako likifungwa. Lakini halifuti ulichopakua. Faili linabaki kwenye diski, na hilo watu hawalijui. Kama uliwahi kuacha Gmail wazi mahali, ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, angalia orodha ya vifaa vyako, na utoe usivyovitambua. Ukiwa hapohapo tazama namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Waombaji wengi wa mkopo na udahili hufunguliwa barua pepe na mhudumu wa duka, ambaye kwa haraka ya foleni huweka namba yake yeye na neno la siri analolitumia kwa wateja wote. Miaka miwili baadaye mhudumu amehama, mwanafunzi anatakiwa kuingia kwenye akaunti ya maombi, na msimbo wa uhakiki unakwenda kwenye simu ya mtu asiyemjua. Badilisha namba hiyo leo, badilisha neno la siri, na washa uhakiki wa hatua mbili.

Kuna foleni nyingine ambayo ingepungua kabisa: ya wanaokwenda dukani kupandisha kazi kwenye Moodle, mfumo wa kukusanyia kazi mtandaoni, kwa sababu simu imekataa. Mara nyingi simu haina kosa. Kazi ya kuandika kwa mkono imepigwa picha kumi, kila moja MB 4, jumla MB 40, na mhadhiri ameweka kikomo cha MB 10 au 20. Kwenye Android, programu ya Google Drive ina sehemu ya kuskani. Inanyoosha ukurasa, na ukichagua rangi nyeusi na nyeupe kurasa kumi zinakuwa PDF moja nyepesi. Ukishapandisha, soma hali ya kazi. Ikisema ni rasimu, hujawasilisha; kuna kitufe cha pili.

Wengine wanaikimbia Wi-Fi ya chuo kwa sababu inawakataa. Kama chuo kina eduroam, mfumo wa Wi-Fi ya pamoja ya vyuo ulioanzia Ulaya na unaoletwa kwetu kupitia TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, jina la kuingilia ni lile kamili lenye alama ya @ na anwani ya chuo, hata ukiwa chuoni kwako mwenyewe. Ukiliandika lote, jina hilohilo litakuingiza ukiwa mgeni Makerere. Kwingine, ambako kila kifaa husajiliwa kwa namba yake ya utambulisho wa mtandao (MAC), kumbuka kwamba simu za Android 10 na kuendelea, na iPhone za iOS 14 na kuendelea, hubuni namba ya bandia kwa kila mtandao. Umesajili namba ya kweli, simu inajitambulisha kwa ya bandia, mlango haufunguki. Kwenye mipangilio ya mtandao huo peke yake, iambie simu itumie namba halisi.

Sasa niwageukie wakuu wa vyuo. Maduka mengi yamo ndani ya uzio na yanalipa pango. Basi masharti ya kompyuta yaingizwe kwenye mkataba wa pango, kama yalivyomo ya usafi na ya kizima moto. Kwanza, akaunti ya Windows inayotumiwa na wateja isiwe na mamlaka ya kusimika programu. Ya msimamizi abaki nayo mwenye duka. Pili, Storage Sense iwashwe, iendeshwe kila siku, na ifute vilivyopakuliwa ambavyo havijafunguliwa kwa siku moja. Iko ndani ya Windows 10 na 11, haina gharama, inapatikana kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya hifadhi. Tatu, namba ya WhatsApp ya duka iwekewe ujumbe unaojifuta baada ya saa 24. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sioni kwa nini tuiongelee kwenye makongamano peke yake ilhali nakala za NIDA zinalala wazi hatua hamsini kutoka ofisi ya mlezi wa wanafunzi.

Wanafunzi wa TEHAMA wanaohangaika kutafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo wapewe maduka haya. Wawili wawili, kila duka mara moja kwa mwezi: uchunguzi wa Offline, kufuta mafaili ya watu, kukagua nani aliachwa wazi kwenye kivinjari. Ni kazi halisi, na inaandikika kwenye kitabu cha kumbukumbu cha mafunzo.

Wenye maduka nao wana hoja yao, kwamba mashine mpya ni ghali. Ni kweli Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Kwa za mtumba zenye Intel Core, tafuteni kizazi cha 8 kwenda juu, kizazi cha 8 chenyewe kikiwa na namba inayoanza na 8 baada ya kistari, kama i5-8250U. Lakini kompyuta ya kuchapia tu haihitaji hata Windows. Mashine ileile ya zamani yenye RAM ya GB 4 inaendesha Linux Mint toleo jepesi la Xfce, inafungua PDF, inachapa, na vile virusi vya njia ya mkato vilivyotengenezwa kwa Windows havina cha kufanya ndani yake. Kabla ya kubadilisha, iwasheni kwanza kutoka kwenye flashi bila kusimika, mjaribu printa. Nyingi za HP zinakubali bila taabu. Za Canon hutofautiana modeli kwa modeli, nyingine hudai programu yake maalumu, kwa hiyo chapeni ukurasa mmoja wa majaribio na kopi moja ya kuskani kabla ya kufuta Windows.

Fundi wa TEHAMA chuoni,
Morogoro